Sindano za Kichina na Mwanamke Anayetafuta Mtoto Uluguru

Mhadhara wa hadhara, Morogoro



Nimeombwa nizungumzie tiba ya sindano ya Kichina, ambayo wengine huiita akupancha na wengine tiba ya vitobo, pamoja na mitishamba inayoandamana nayo, na uwezo wake wa kumsaidia mwanamke kushika mimba. Nitasema tangu sasa ninakoelekea, ili asiyekubaliana nami ajiandae kunihoji. Tiba hii ina hekima ambayo zahanati na hospitali zetu zimeipoteza, na hekima hiyo nitaitetea. Lakini sindano haizibui mrija wa uzazi, na hapa kwetu mrija ulioziba ni chanzo kikubwa cha mwanamke kukosa mtoto. Anayemchoma mwanamke sindano kabla ya kujua hali ya mirija yake, na kabla mume wake hajapimwa, anampotezea muda. Katika jambo hili muda haurudi.

Tuanze nyumbani. Waluguru huhesabu ukoo kwa mama. Mtoto anayezaliwa Kinole, Matombo au Mgeta ni wa lukolo, yaani ukoo, wa mama yake; kwa baba hupata jina la mtala, nalo lina heshima yake, lakini ukoo ni wa mama. Ardhi ya ukoo ilifuata njia hiyo hiyo, na mjomba ndiye aliyekuwa na sauti juu ya watoto wa dada yake. Wasomi wengi wameyaandika haya kama jambo la kuvutia katika elimu ya jamii. Mimi niliyekaa na wanawake kliniki nayaona kwa jicho jingine. Kwa watu wanaohesabu ukoo kwa baba, mwanamume ambaye mke wake hakuzaa ataoa wa pili, na ukoo wake utasonga. Kwetu mjomba anaweza kuwa na watoto kumi, na wote ni wa ukoo wa mke wake. Dada zake wasipozaa, na hasa wasipozaa mabinti, ukoo umekatika. Basi macho ya watu wengi, waliokufa na walio hai, yanaelekezwa kwenye tumbo la binti mmoja.

Wazee wetu walilijua hilo na wakaliwekea mafunzo. Mwali wa Kiluguru, kama wenzake wa Kikwere na Kizaramo, aliwekwa ndani baada ya kuvunja ungo, zamani kwa miezi na wakati mwingine kwa miaka, akifundwa na makungwi. Katika unyago wa watu hawa mwali alikabidhiwa mwana hiti, kinyago kidogo cha mti chenye kiwiliwili kisicho na mikono na kichwa chenye vishungi, akitunze na kukipaka mafuta kama mtoto. Vinyago hivyo leo vingi vimo katika makumbusho ya Ulaya, vikisifiwa kwa ufundi wa mchongaji. Huku kwetu vilibeba ombi la ukoo mzima. Ninawakumbusha haya kwa sababu mganga yeyote anayemhudumia mwanamke wa milima hii, awe wa Kichina, wa hospitali au wa mizizi, anaingia katikati ya ombi hilo, alijue au asilijue.

Mwanamke aliyekaa na mume miaka miwili bila mimba hufuata njia ambayo nimeiona ikirudiwa mno. Kwanza ni bibi au shangazi, na mizizi ya kuchemsha kwa ajili ya chango la uzazi. Kisha mganga, anayemwambia kuna jini mahaba au kuna mtu aliyemfunga kizazi. Kisha anashuka mjini, kwenye duka la dawa, na kutoka hapo kwa anayetangaza kusafisha kizazi kwa dawa za Kichina au kwa sindano. Hospitali huja mwisho, wakati fedha zimekwisha na yeye ameshafika miaka thelathini na kitu. Mume katika safari yote hiyo mara nyingi ni mtoa nauli tu, na wakati mwingine hata nauli hatoi.

Sasa twende Uchina, na twende kwa heshima, kwa maana wale ni watu walioandika mambo ya kizazi kwa karne nyingi.

Katika karne ya 7 aliishi tabibu aitwaye Sun Simiao. Mnamo mwaka 652 alikamilisha kitabu kikubwa cha maagizo ya dawa, na akafanya jambo ambalo vitabu vingi vya tiba duniani havikulifanya: aliwatanguliza wanawake. Sehemu ya wanawake aliiweka mwanzoni, na ndani yake akaanza na suala la kutafuta mtoto. Akaandika kwamba watu wanapokosa mtoto, sababu ni maradhi ya mume na mke kwa pamoja. Niruhusuni nikae kidogo kwenye jambo hili. Zaidi ya miaka 1300 iliyopita tabibu wa Kichina alimtaja mume. Leo, mwanamke akikaa kwenye benchi la tiba ya Kichina katika mji wa Afrika Mashariki, mara nyingi yuko peke yake. Sehemu ya tiba hiyo iliyokuwa na manufaa makubwa kuliko zote haikufika kwetu.

Kipo kitabu cha kale zaidi, Huangdi Neijing, kilichokusanywa yapata miaka 2000 iliyopita. Kinapima maisha ya mwanamke kwa saba saba. Akifika miaka 14 hedhi huanza, akifika 28 mwili uko katika nguvu zake, akifika 35 nguvu huanza kupungua, na akifika 49 hedhi hukoma. Madaktari wa leo nao huutazama mwaka wa 35 kwa uangalifu. Aliye chini ya umri huo hushauriwa atafute uchunguzi akikaa mwaka mzima na mume bila kinga na bila mimba. Aliyeupita asisubiri zaidi ya miezi sita.

Katika fikra za tiba hii, figo huhifadhi asili ya uzazi, ini huendesha nguvu iitwayo chi isikwame, na damu huilisha nyumba ya mtoto. Figo na ini hizi msizichanganye na zile anazoziona daktari wa upasuaji. Ni majina ya mifumo ya mwili kama walivyoielewa wao. Tabibu hutazama ulimi. Hushika mapigo ya damu kwenye kifundo cha mkono kwa vidole vitatu, mkono mmoja kisha mwingine. Huuliza hedhi ina rangi gani, ina mabonge, inauma kabla au baada, unalala vipi, miguu inakuwa baridi usiku? Kisha huchoma sindano nyembamba mno, ngumu, isiyo na tundu wala dawa ndani yake. Mahali panapochomwa sana kwa mambo ya wanawake ni Sanyinjiao, upana wa vidole vinne juu ya mfupa wa ndani wa kifundo cha mguu, na Guanyuan, chini ya kitovu. Mara nyingine huchomwa majani makavu ya mmea wa jamii ya pakanga karibu na ngozi, ili kupasha joto tumbo linalosemwa limepoa. Mama hulala hivyo nusu saa, na hurudi kila wiki kwa miezi kadhaa. Aliyekuzwa na bibi anayezungumza juu ya chango haoni ugeni wowote katika maelezo hayo, na hiyo ni sababu moja ya tiba hii kupokewa hapa kwa urahisi.

Imefikaje? Madaktari wa serikali ya Uchina walianza kuja Zanzibar mwaka 1964, wakitoka jimbo la Jiangsu, na Tanzania Bara mwaka 1968, wakitoka Shandong. Walikuwa wapasuaji, wakunga na wataalamu wa maradhi mbalimbali, na baadhi yao walibeba sindano. Mkoani kwetu Wachina waliingia kwa maelfu na reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975. Kambi yao kubwa ilikuwa Mang'ula, chini ya Udzungwa. Mwaka 1974 kikaanzishwa pale Muhimbili kitengo cha utafiti wa tiba asili, ambacho baadaye kilikuwa taasisi kamili, na mwaka 1987 nchi hizi mbili zikaanza kushirikiana kujaribu dawa za Kichina kwa wagonjwa wa UKIMWI hapo hapo Muhimbili. Yote hayo yalikuwa mambo ya serikali kwa serikali.

Kliniki binafsi ni habari nyingine. Zilichipuka Dar es Salaam katika nusu ya pili ya miaka ya 1990. Mwanaanthropolojia Elisabeth Hsu, aliyewahi kuisomea tiba hii Uchina kwenyewe, alizifuatilia hapa Tanzania na mwaka 2002 akachapisha makala iliyoonyesha kwamba wagonjwa walivutiwa na dawa za Kichina kwa sababu waliziona zinafanya kazi haraka. Haraka! Tiba ambayo kwa mafundisho yake yenyewe hujenga mwili mwezi baada ya mwezi, ikauzwa kwetu kwa sifa ya kumaliza kazi upesi. Kilichoingia mitaani kilikuwa kidonge na chupa. Tabibu anayeuliza maswali nusu saa alibaki nyuma. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 ilikuja kuweka baraza la kusajili waganga na matabibu, na ninawasihi mwulize usajili huo kabla hamjavua viatu kwa mtu yeyote mwenye sindano.

Nije kwenye ushahidi, maana hapo ndipo mabishano yalipo. Mwaka 1996 watafiti wa Uswidi waliwachoma sindano zenye umeme mdogo wanawake 10 na wakaona mishipa inayopeleka damu kwenye mji wa mimba ikilegea. Mwaka 2002 Wolfgang Paulus na wenzake nchini Ujerumani waliwafuatilia wanawake 160 waliokuwa wakipandikizwa mimba kwa njia ya maabara. Waliochomwa sindano walishika mimba kwa asilimia 42.5, na wasiochomwa kwa asilimia 26.3. Habari hiyo ilienea dunia nzima. Mabango mengi ya kutangaza sindano mnayoyaona leo, hata kama aliyeyachora hajui, yanasimama juu ya utafiti ule mmoja.

Kasoro yake ilikuwa hii: wale wasiochomwa walijua hawakuchomwa, na wale waliochomwa walipata mtu wa kuwashughulikia. Watafiti waliofuata wakatumia sindano za kuigiza, ili mwanamke asijue amechomwa ya kweli au la. Mwaka 2018 Caroline Smith na wenzake, Australia na New Zealand, walichapisha matokeo ya wanawake 848. Waliochomwa sindano za kweli walizaa watoto hai kwa asilimia 18.3, wa sindano za kuigiza kwa asilimia 17.8. Hiyo si tofauti. Na mwaka mmoja kabla, 2017, Uchina yenyewe ilitoa jibu kubwa zaidi. Wu Xiaoke na wenzake, katika vituo 21, waliwachukua wanawake 1000 ambao mayai yao hayakupevuka vizuri kwa sababu ya vifuko vingi kwenye ovari. Wengine walipewa sindano za kweli, wengine za kuigiza. Na ndani ya makundi hayo wengine walimeza vidonge vya klomifeni, dawa ya kupevusha mayai, wengine vidonge visivyo na dawa. Waliomeza klomifeni walizaa kwa asilimia 28.7, wasiomeza kwa asilimia 15.4. Sindano za kweli zilitoa asilimia 21.8, za kuigiza asilimia 22.4. Kidonge cha bei nafuu kiliongeza watoto na sindano haikuongeza. Ninawaheshimu madaktari hao wa Kichina kwa kulipima la kwao hadharani na kulichapisha lilivyo.

Ndugu zangu, wanawake wote hao walikuwa wameshachunguzwa. Kwetu hali ni ngumu zaidi. Shirika la Afya Duniani liliendesha uchunguzi katika nchi nyingi kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, na matokeo yaliyotolewa mwaka 1985 yalionyesha kwamba kwa wanawake wa Afrika waliochunguzwa, zaidi ya asilimia 85 walikuwa na tatizo linalohusishwa na maambukizi, ilhali kwa dunia yote ilikuwa kama theluthi moja. Maambukizi hayo ni kisonono na klamidia zisizotibiwa, ni usaha wa uzazi baada ya kujifungua mahali pasipo usafi, ni mimba iliyotolewa kwa siri. Ongezeni kichocho kwa wanaoshinda kwenye maji ya mabondeni, maana vijidudu vyake huweza kuumiza viungo vya uzazi vya mwanamke, na ongezeni kifua kikuu, ambacho nacho hushuka hadi kwenye mirija. Klamidia huweza kukaa bila maumivu wala uchafu unaoonekana, ikaacha makovu ndani ya mrija mwembamba ambamo yai na mbegu vilipaswa kukutana.

Watu wa Mgeta wananielewa nikisema hivi: mfereji ukiporomokewa na jiwe kule juu, utaweka samadi, utapalilia, utanyunyiza dawa, na kabichi zitakauka. Samadi haina kosa. Sindano inaweza kumtuliza mama na mitishamba inaweza kumpa hamu ya kula, lakini kovu kwenye mrija halisikii. Kinachohitajika ni picha ya eksirei inayopigwa dawa ikipitishwa kwenye mirija, na baada ya hapo daktari aseme kama kuna njia ya upasuaji, au ya kupandikiza mimba kwa mamilioni ya shilingi, au kama ni busara kuanza kuzungumza juu ya kulea mtoto wa ndugu, jambo ambalo koo zetu zimelifanya tangu zamani bila aibu.

Kuna hatari nyingine ninayopaswa kuitaja. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, nchini Ubelgiji, wanawake waliopewa vidonge vya kupunguza unene vyenye mitishamba ya Kichina walianza kuharibika figo. Mmea mmoja ulikuwa umebadilishwa na mwingine wenye jina linalokaribiana, na huo ulikuwa na sumu. Zaidi ya wanawake 100 waliathirika, na wengi wao walihitaji kusafishwa damu au kupandikizwa figo. Hiyo ni Ubelgiji, nchi yenye maabara na wakaguzi. Mwanamke anayetafuta mimba anaweza kuwa nayo tayari, changa, bila kujua, huku anakunywa chupa isiyo na maandishi anayoyasoma. Asinywe.

Sasa niwageukie wenzangu wa hospitali. Mwaka 1955 watu wa Matombo waliinuka kupinga matuta ambayo serikali ya kikoloni ililazimisha yachimbwe milimani kuzuia mmomonyoko wa udongo. Wataalamu walikuwa na hoja juu ya udongo, lakini walikuja na amri, na mtu mmoja akapoteza maisha kwa risasi. Milima hii haipokei amri isiyofafanuliwa. Mwanamke anayefika kwetu ametembea kutoka Tegetero au Bunduki. Tunamwuliza maswali mawili, tunamkaripia kwa kunywa mizizi, tunamwandikia karatasi ya vipimo asivyojua ni vya nini. Tunashangaa nini akirudi kwa mwenye sindano? Kule alilazwa kwenye kitanda safi, akashikwa mkono, akaulizwa kuhusu usingizi wake. Nusu saa ya kusikilizwa ni tiba kwa mtu anayenyanyapaliwa na ukoo mzima. Hiyo tunaweza kuiga kesho asubuhi, bila bajeti.

Na mama anayetaka kuendelea na sindano simkatazi. Nimewaona wanaosema wanalala vizuri na wasiwasi umepungua, na hilo si dogo. Namwomba mambo machache. Mirija na mayai vichunguzwe kwanza, na magonjwa ya zinaa yatibiwe, yeye na mwenzake kwa wakati mmoja. Sindano zifunguliwe mbele yake kutoka kwenye pakiti mpya na zitupwe baada ya matumizi. Mitishamba aiandike majina na amwonyeshe daktari. Ajue siku zake: yai hutoka takriban siku 14 kabla ya hedhi inayofuata na huishi siku moja tu, ilhali mbegu ya mume huweza kuishi ndani ya mwili wake hadi siku tano. Kwa hiyo siku za kukutana ni zile za kabla ya yai kutoka, ute unapokuwa mwepesi na wa kuvutika. Makungwi wangeweza kulifundisha hili unyagoni, na ninawaomba walifundishe. Ajiwekee pia ukomo: baada ya miezi michache bila matokeo, fedha iliyobaki iende kwenye vipimo.

Nimemwacha mume mwisho kwa makusudi. Karibu nusu ya ndoa zisizo na mtoto zina tatizo upande wa mwanamume, peke yake au pamoja na mke. Mbegu za kiume huchukua zaidi ya miezi miwili kutengenezwa, kwa hiyo homa kali, pombe, sigara na maradhi ya zinaa ya mwezi uliopita vinaonekana kwenye kipimo cha leo. Kipimo chenyewe hakichomi wala hakikati. Ni chupa ndogo safi na faragha kidogo. Eksirei ya mirija ya mama inauma, na upasuaji unauma zaidi, lakini katika mkoa huu wapo wanawake waliopitia vyote viwili huku chupa ile ndogo haijawahi kutolewa kwa mume.

Kina baba mlio ukumbini, na wajomba mnaosubiri ukoo uongezeke: kama nyumbani kuna mwanamke anayehangaika na mizizi, vidonge na sindano, msimtume tena peke yake. Ongozaneni naye wiki hii hadi hospitali yenye maabara, na wewe mume uwe wa kwanza kupimwa.